Kiti Kilichosukwa kwa Mashoto

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, na kwamba lile goti halikusumbui tena unapopanda ngazi za kiwandani. Shemeji na wanao hawajambo? Huku sisi tu wazima. Mama anakusalimu sana. Anasema umeadimika, na kwamba sauti ya simu haimtoshi, anataka akuone mzimamzima.

Wiki hii ameniagiza nivifufue vile viti viwili vya fito za henzirani vya barazani, tulivyosuka mimi na wewe mwaka ule baba alipotafuta wa kumwachia karakana. Jua na mvua vimevila hadi vikawa vya kijivu. Nimevipiga brashi kutoa vumbi, nikavipangusa, nikaviacha kivulini siku mbili vikauke hasa, maana ukipaka vanishi juu ya unyevu umekiozesha kiti kwa mkono wako mwenyewe. Mama alikaa pembeni akinisimamia, akanitania kwamba navipapasa kama daktari asiyejua ugonjwa.

Kiti kimoja kilinimeguka mikononi. Ilinibidi niloweke henzirani mpya mpaka zilainike, nisuke mgongo wote upya. Cha pili nilibadilisha nyuzi tano tu, nikakipitisha msasa mwepesi, nikakipaka vanishi nyembamba mara tatu. Mama akasema kwa fahari kwamba hicho ndicho changu, ndicho alichokishika baba akasema aliyekisuka ndiye fundi.

Dada, si changu. Kila uzi umezungushwa kimashoto, na mwenye mashoto nyumbani kwetu ni wewe peke yako. Siku ile ulikuwa umempeleka mama zahanati. Baba, macho yake yakiwa yameshafifia, aliniuliza kipi ni cha nani, nami nikauweka mkono wake juu ya chako nikasema ni changu. Sijui kama vidole vyake viligundua; hakuniuliza tena. Uliporudi ukaambiwa mkono wako bado haujakomaa. Ulilia sana, kisha ukafunga virago ukaenda kushona sare. Na mimi ndiye niliyekubembeleza unyamaze. Hilo la kukubembeleza linaniaibisha kuliko yote.

Jana nilimweleza mama. Akaniuliza, mimi nikiwa na brashi mkononi, nimemwambia yeye ili iweje, ilhali anayestahili kuambiwa yuko mbali. Ndipo nikatafuta karatasi.

Karakana ni yako. Ukitaka nikuachie, nitakuachia na vifaa vyote. Ukitaka tufanye kazi pamoja, nitakuwa msaidizi wako. Ukinikasirikia, nimestahili. Ila usikae kimya, Dada, nakuomba.

Wasalimie wote hapo nyumbani. Vanishi imeshakauka, lakini mama amekikataza kile kiti kwa kila mtu, hata yeye mwenyewe hakikalii. Anasema utakikalia wewe kwanza.

Ni mimi mdogo wako,
ambaye watu wote hapa wananiita Fundi.