Mshenga wa Mshahara

Mtoni,
3 Machi 1997

Mjomba, shikamoo.

Ongezeko la mshahara wangu lilikufa Ijumaa, saa nne asubuhi, ofisini kwa Bwana Kamugisha. Sie huku hatujambo, mama anakusalimu, ila goti linamsumbua. Mkaza mjomba na Mwanakombo hawajambo? Nimeamua kuandika, maana nikija Kipawa mdomo utanishinda adabu.

Ulikuwa dereva wa Bwana Kamugisha miaka kumi na tisa, na wewe ndiye uliyenipeleka kwenye kiwanda chake cha rangi. Ndiyo maana nikaona aibu kumtajia mshahara mwenyewe. Nikakutuma wewe kama watu wanavyotuma posa, hata kanzu mpya nikakushonea. Nilikwambia: nalipwa elfu tisini. Nilipoanza, kompyuta zilikuwa tatu, leo ni kumi na moja. Fundi wa nje waliyekuwa wakimlipa elfu arobaini kila anapokuja, tangu niingie mie hajakanyaga. Omba laki na sitini. Ukibanwa, usishuke chini ya laki na thelathini, maana mwenye kiwanja cha Bunju ananisubiri hadi Juni tu.

Ijumaa naitwa. Bwana Kamugisha ananishika bega: "Mjomba wako kaniambia umeridhika. Vijana kama nyie mmebaki wachache." Kabla sijameza mate, akaongeza: "Jumatatu binti yake Mwanakombo anaanza. Mfundishe kompyuta."

Mshenga hasemi lake, Mjomba. Ulisema nini mle ndani?

Mpwa wako,
Mwishehe


Kipawa,
12 Machi 1997

Mwanangu Mwishehe,

Marahaba. Sie wazima, alhamdulillahi. Dada yangu mpe pole, asugue goti kwa mafuta ya karafuu.

Barua yako nimeisoma mara moja, inatosha. Hizo laki zako nilizitaja. Bwana Kamugisha alicheka mpaka akavua miwani. Ulitaka nibishane na mtu aliyeniezekea nyumba mabati? Nikaona niombe kinachoombeka. Mshahara mmoja mkubwa hulisha mtu mmoja, miwili midogo hulisha ukoo. Mwanakombo ana cheti chake cha miezi sita, na kazi yake hapa ilikuwa kuhesabu kuku.

Na usijione. Kazi yenyewe kufuta vumbi kwenye televisheni isiyoonyesha hata mpira! Nani alikutoa kibarazani, ulipokuwa ukichokonoa redio mbovu za watu? Mfundishe mdogo wako, na usimfiche kitu.

Mjomba wako,
Fakihi


Kipawa,
23 Juni 1997

Mwanangu Mwishehe,

Assalaam alaykum. Goti la dada yangu linaendeleaje? Tangu upunguzwe kazini mwezi wa tano hujafika Kipawa, hata hitima ya bibi yako hukuja. Mie nimekuja Mtoni mara mbili, naambiwa umetoka.

Wallahi sikujua kama Bwana Kamugisha angeona watu wawili ni wengi.

Sasa nisikilize. Juzi umeme ulikatika katikati ya hesabu ya mishahara. Ule mtambo mkubwa wa kompyuta hauamki. Fundi wa nje kaja, kaguna, kachukua hela yake, kaondoka. Watu mia na arobaini wanangoja mshahara wa Juni. Wasipolipwa Jumamosi, Mwanakombo anafukuzwa. Hali, halali, analia tu. Bwana Kamugisha kanituma nikwambie urudi, bei utaje mwenyewe. Mie usiniangalie usoni, mwangalie mdogo wako.

Mjomba wako,
Fakihi


Mtoni,
24 Juni 1997

Mjomba, shikamoo.

Mama hajambo, goti limevimba. Mara zote mbili ulipobisha hodi nilikuwa ndani.

Mwanakombo nilimfundisha wiki tisa, sikumficha kitu. Ni hodari, tena anauliza ya maana. Namna ya kuuamsha mtambo baada ya umeme kukatika nilipanga kumfundisha wiki ya kumi. Wiki ya kumi nilikuwa nje ya geti.

Wallahi yako imenichekesha. Siku moja tunakula chapati, Mwanakombo akanisimulia bila hila yoyote, akidhani nalijua. Eti ulimwambia Bwana Kamugisha: "Mpe binti yangu miezi miwili ajifunze kwa kaka yake, halafu utabaki na mmoja, wa elfu hamsini na tano." Mie tisini, yeye hamsini na tano. Mtoto wa dada yako ulimuuza kwa tofauti ya elfu thelathini na tano. Kiwanja cha Bunju mtu mwingine kashajenga msingi.

Bei yangu ni laki na sitini. Hiyo Bwana Kamugisha ataisikia kwangu mwenyewe, sitaki mshenga tena. Kwako nina sharti moja. Nenda ofisini kwake, Mwanakombo akiwa amesimama pale pale, useme kwa kinywa chako: "Mtoe binti yangu, mrudishe Mwishehe." Umsemee yeye kama ulivyonisemea mie, ila safari hii anayesemewa asikie. Hana kosa, najua. Mie nilikuwa na lipi?

Usipokwenda, sirudi. Jumamosi atafukuzwa vilevile, na watu mia na arobaini watakwenda nyumbani bila hela ya unga, wakijua kwa nini, maana nitasimama getini niwaambie.

Utakwenda au hutakwenda? Sitaki historia ya mabati, sitaki machozi ya mtoto. Neno moja tu, mama alipate mkononi mwake hapa Mtoni kabla ya Ijumaa hii, saa kumi alasiri.

Mpwa wako,
Mwishehe