Mashini ya Unga Haipasuke Tena

Karuba

Kaka Viateur, amani ikufikie kule Omate, mu migodi ya Walikale.

Ngombe ya Mama ilizala. Na sikiliza: mashini ya unga inatembea! Ile soudure, pale tumbo na muguu vinaunganishwa kwa moto, yenye ilipasuka mu mikono yako, miye njo niliirudilia, na imesaga mavuno yote.

Tumbo ya mashini ni fonte, chuma ya kumimina, muguu ni chuma ya kawaida. Vikipoa mbio mu baridi ya kwetu, kila moja inajikunja kwa namna yake, vinavutana. Halafu kutetemeka kwa kila siku kunavimaliza. Basi nilisudé kidogo kidogo, nikigonga na nyundo, kisha nikazika yote mu majivu ya moto ya ngombe, ule tunawasha kiraroni, ipoe polepole.

Mama akalia: "Byukusenge, unapikia chuma kwa moto ya ngombe?" Leo yeye njo anasifu kupita wote.

Kaka, haikuwa mikono yako mubaya. Ilikuwa baridi. Nilimwambia Papa vile, palepale kwa mashini kwenye alikufokea mbele ya watu, nawe ukaondoka. Hataji jina lako, lakini kila pikipiki yenye inatoka Walikale anaisimamisha, anauliza kama njia iko muzuri ya kurudi.

Dada yako,
Byukusenge, soudeur wa Karuba