Bomba la Mansour

Auderghem, 9 Machi 2024

Dada yangu Rukiya,

Asalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mjukuu wako Imani. Sisi hapa Brussels hatujambo, ila baridi haitaki kuondoka.

Nina habari njema. Nimeingia katika kamati ya majirani wanaotunza bwawa la mtaa wetu. Kila Jumamosi tunavaa mabuti, tunaokota makopo, na tunakataza watu kuwatupia bata mkate, maana mkate unaharibu maji. Jumamosi iliyopita nilimkemea bibi mmoja mpaka akaurudisha mkate wake mfukoni. Mwenyekiti wetu, Madame Inès, alinisifu mbele ya watu. Alisema mtu aliyezaliwa kando ya ziwa anajua thamani ya maji.

Nyumba yangu ya mapumziko hapo ziwani Rumonge inaendeleaje? Mwambie mlinzi asiache matete yaote tena mbele ya baraza.

Mdogo wako,
Mansour

Rumonge, 2 Aprili 2024

Mdogo wangu Mansour,

Waaleikum salaam. Mwili wangu mzima. Moyo wangu usiulize.

Umemkemea bibi wa watu kwa kipande cha mkate, na bomba la vyoo vyako linamwaga uchafu ziwani, jirani kabisa na pale tunapoteka maji. Nilikuambia tangu unajenga. Ukanijibu kwamba ziwa ni kubwa. Mwezi wa pili Imani alipata kipindupindu. Macho yalimzama, hata kulia akawa hawezi. Nilinunua sanda ya mtoto wa miaka sita nikaificha chini ya godoro asiione. Amepona, Alhamdulillahi, lakini mimi nina hasira na wewe, na haipungui.

Wanawake wa hapa ufukoni tumeunda kamati yetu. Tunapanda upya matete uliyoyakata, yachuje uchafu na samaki wapate pa kutagia. Kwako tunataka jambo moja tu: chimba shimo la choo, ung'oe hilo bomba. Usipofanya nitalipiza, na usije ukaniambia sisi ni damu moja.

Dada yako,
Rukiya

Auderghem, 8 Juni 2024

Dada Rukiya,

Salaam nyingi. Pole kwa Imani. Lakini bon, sawa, kipindupindu kilikuwepo Rumonge tangu tuko wadogo, mbona unanibebesha mimi? Shimo nitachimba mwakani, inshallah.

Sasa nisikilize. Mwezi wa saba nakuja na mke wangu Yasmina pamoja na wazazi wake wanaokaa Ganshoren, hapa hapa Brussels. Ni mara yao ya kwanza kulala kwangu. Unajua jinsi baba mkwe alivyonidharau siku ya posa, na mwaka mzima nimemsimulia habari za baraza langu linalotazama maji. Kwa hiyo nimemwagiza mlinzi ayang'oe matete yenu yote. Utupokee vizuri, dada, usinitie aibu mbele ya wakwe.

Mdogo wako,
Mansour

Rumonge, 19 Julai 2024

Mansour,

Karibu nyumbani. Safari ilikuwaje? Yasmina hajambo? Barua hii nimemwachia mlinzi akupe ukifika, kwa sababu sitaki kuzungumza na wewe mlangoni.

Matete yaliyong'olewa tumeyapanda tena, mara mbili ya yale ya kwanza. Mlinzi alitaka kutuzuia, lakini mama yake mzazi yuko kwenye kamati yetu, akaishia kutubebea maji.

Bomba tumeliziba jana kwa saruji na mawe, na leo asubuhi saruji imeshakauka. Ziwani halitaingia tena hata tone. Mkishatumia vyoo mara chache, kila kitu kitarudi ndani, kuanzia chumba cha wageni, maana sakafu yake ndiyo ya chini. Usihangaike kutafuta fundi. Nimewapitia mafundi wote wa hapa mmoja mmoja, nikawaeleza habari za Imani, na hakuna atakayekuja mpaka wewe mwenyewe ushike jembe uchimbe shimo.

Wakwe zako hawana kosa. Nimewapikia samaki wa mukeke na ndizi, na nimewatandikia kwangu, waje na Yasmina kabla ya magharibi. Baba mkwe akiuliza sababu, nitamweleza yote nikiwa nimempakata mjukuu wangu.

Wewe utalala kwako.

Dada yako,
Rukiya