Muguu Uliozoea Barabara ya Salamabila

Papa mupendwa,

Huku Bukavu asubuhi ukungu unashuka mpaka dirishani, na kila nikifungua macho nadhani niko Kabambare, nasikia unawasha pikipiki. Mama iko muzima? Kikohozi cha Bibi kimepungua? Mimi niko salama, nakula vizuri, ila haya ya kusema bado haijaniacha.

Juzi kwenye simu ulisema, "Huu muguu wa bandia wa Bukavu sasa umezoea! Mwanzo ulikuwa mugumu kama mti, leo unanyumbuka kama wa kuzaliwa." Ukacheka. Mimi nikajibu tu, "Ndiyo, Papa." Ukisema kwa furaha ile, maneno yangu yanarudi tumboni. Ndiyo maana naandika.

Papa, muguu wa namna hii hauzoei. Unachoka.

Pale atelie, tunapotengeneza miguu ya bandia, shefu, mukubwa wetu wa kazi, amenipa kazi ya kupima vipande. Muguu ni vitambaa vya nyuzi za kioo na gundi, tabaka juu ya tabaka: nyuzi nyingine zinafuata urefu, nyingine zinakingama. Mashine inakunja kipande, inakiachia, inakunja tena. Kisha nakiinua kwenye mwanga. Nyufa nyembamba zinaonekana ndani, kwanza kwenye tabaka za kukingama, zimesimama kama mvua ya mbali. Naziangalia mpaka nasahau kula. Kwa nje kipande iko kizima, kinang'aa. Lakini nyufa zikisogeleana, uzito uleule unakikunja zaidi, na kwa kuzihesabu tunakadiria ugumu uliobaki. Baadaye tabaka zinaachana. Hapo muguu unakatika, haungoji mutu.

Nilimwambia shefu habari yako, kwa sauti ndogo.

"Muguu gani?"

"Wa kulia."

"Wa breki? Na ulikuwa unanyamazia nini, mama?"

Tangu siku ile naota hata mchana: unateremka kilima cha Lusangi kwenye barabara ya Salamabila, unakanyaga breki, muguu unajikunja polepole kama jani la mugomba, pikipiki inaendelea tu, na wewe unatabasamu.

Vua muguu, Papa. Mama aukaze kwa kamba juu ya meza, vidole vyake vitokeze nje ya ukingo, ning'inizeni hapo mufuko wa chumvi wa kilo kumi. Ulipokuwa mupya walipima hapa: ulishuka upana wa kidole kimoja. Ukishuka viwili, usipande pikipiki. Panda nyuma ya mwingine, uje tukutengenezee.

Nisalimie Mama, Bibi, na kaka yangu anayeuza mafuta ya pikipiki; mwambie asikuwekee hata tone mpaka muguu upimwe.

Najua utakasirika. Nikasirikie, Papa, ukiwa umekaa nyumbani na magongo yako. Nitapokea yote.

Mutoto wako, asiyeweza kusema haya kwa simu,
Salima