Magoti Niliyopiga Mwaloni

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Magu hatujambo. Babu yako yuko uani anaanika mpunga.

Kumbe umeiona filamu yetu fupi ya mapenzi ya miaka ile ya tisini, baada ya kuunganishwa na nyingine tatu kuwa filamu moja. Unauliza kwa nini nilimpigia mchumba magoti pale Mwaloni, kwenye soko la samaki. Sikumpigia yeye. Mzee mmoja alipita nyuma ya kamera, nikasahau kuigiza, nikapiga magoti kumwamkia. Mwongozaji alifoka, ila mkanda ulikuwa umekwisha.

Wenzetu walinicheka. Tazama tena mwishoni: yule mchumba wa kwenye filamu hacheki, anainama naye kumwamkia mzee. Hapo ndipo nilipomwangalia vizuri.

Hukumtambua kwa sababu siku hizo babu yako alikuwa na nywele.

Bibi yako