Vidonge Nilivyokufungia Pindoni

Mchafukoge,
Dar es Salaam.

Kwa dada yangu Anasia,

Shikamoo dada. Najua utaitikia marahaba kwa sauti hata kama uko peke yako jikoni, ndivyo ulivyo. Habari za nyumbani? Shemeji anaendeleaje na kile kikohozi chake? Ng'ombe ameshazaa? Na mguu wako je? Katika barua yako umeupa mstari mmoja tu, nami nakufahamu: jambo likikuuma sana ndipo unalisema kwa kifupi. Mimi ni mzima. Nakula, nalala, na hapa nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kiti kirefu kama hakimu.

Kwanza hongera kwa kisomo. Herufi zako zimelala kama migomba baada ya upepo, lakini zinasomeka zote. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kueleza. Zamani kila nikikuandikia nilikuwa namwona katekista akikusomea mbele ya shemeji na wageni wake, basi barua nzima inakuwa mvua imenyesha, mvua haijanyesha. Leo nitakuandikia habari za choo na za mapaja, na katekista hayumo. Funga mlango usome.

Umeniuliza neno moja: "Aikande, niambie kweli, inauma kiasi gani? Usinipe moyo." Nimeelewa kwa nini unauliza. Daktari wa huko amekwambia nyonga yako imelika kama ilivyolika yangu, na wewe umemjibu kwamba kisu hakitakugusa. Mimi nataka uje hapa Dar ukatwe kama nilivyokatwa mimi. Sifichi. Sote wawili tulimwona mama akitambaa kutoka kitandani hadi jikoni, na sote wawili tulijifanya hatuoni ili asione haya. Sitaki kukuona hivyo. Lakini umetaka ukweli, basi ukweli ndio huu.

Inauma, dada. Walinilaza usingizi wa sindano, wakafungua hapa kiunoni, wakaondoa kichwa cha mfupa kilichooza na kuweka cha chuma. Nilipoamka nikatapika, halafu nikaanza kuyatafuta yale maumivu yangu ya siku zote, yale ya mfupa kusaga mfupa unayoyajua wewe. Sikuyaona. Yalikuwepo mengine, makali, ya moto, lakini ya kidonda. Nililia kwa uchungu na nililia kwa furaha, na nesi hakujua anifariji kwa lipi.

Sasa sikiliza ujinga nilioufanya, na usicheke mpaka mwisho.

Asubuhi, mchana na jioni nesi wa wodi alikuwa anapita na vidonge vya maumivu. Anaitwa Sista Tabu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kunadia samaki. Anakupa kidonge, anakupa maji, anaenda kitanda cha pili. Nawe unajua tunavyoishi siku hizi. Sukari ikionekana unachukua, sabuni ikionekana unachukua, huulizi kama unaitaka leo. Ukikuta watu wamepanga mawe kwenye foleni, nawe unaweka jiwe lako kwanza, ndipo unauliza wanauza nini. Basi mimi kuona vidonge vinagawiwa bure kila siku, mkono wangu ulifanya uliyoyazoea. Nilikunywa maji, kidonge nikakibana shavuni, Sista akigeuka nakitoa nakifunga kwenye pindo la kanga. Nikawa nameza kimoja tu pale nilipoona roho inataka kutoka.

Nilikuwa nakuwekea wewe. Nilisema moyoni, Anasia hataki kukatwa, basi angalau nimpelekee hivi alale usingizi.

Matokeo yake nilikuwa siwezi hata kujigeuza. Alikuwa anakuja binti wa mazoezi, mpole kabisa, anashika kisigino changu. "Inua kidogo mama, kidogo tu." Nami nilikuwa namwita majina ambayo sitayaandika hapa. Nikikidonoa kidonge kimoja wakati maumivu yamekwisha kupanda, hakifanyi kitu. Mguu ukaanza kukakamaa. Wenzangu waliokatwa siku moja na mimi walikuwa wanatembea na magongo hadi dirishani kuangalia watu, mimi nimelala kama gogo. Daktari aliyenikata, mgeni kutoka nje, alikuja akasimama miguuni pangu, Kiswahili chake cha kuokoteza, akasema, "Mama, mguu lazima kazi. Hapana kazi, hapana tembea." Uso wake haukuwa wa mzaha. Niliogopa sana. Nilimkumbuka mama.

Siku moja wakinibadilishia shuka, kanga ikavutwa, pindo likafunguka. Vidonge vikatawanyika sakafuni, vingine chini ya kitanda cha jirani.

"Mama Neema," akasema Sista Tabu, "umefungua duka la dawa?"

Nikavuta kanga kufunika vilivyobaki.

"Ndiyo maana kila siku unapiga kelele kama unachinjwa! Mimi nakwenda kwa daktari kusema dawa haimwingii huyu mama, kumbe dawa inakaa kwenye kanga!"

"Nilikuwa namwekea dada yangu."

"Dada yako anaumwa nini?"

"Nyonga. Kama mimi."

Alipiga magoti pale sakafuni akaanza kuviokota, huku anahema. Akasema, sasa kwa sauti ya chini, "Mama, maziwa yakishafurika na kuzima moto, ukifunua sufuria inasaidia nini? Unafunua mapema. Kidonge unameza kabla maumivu hayajapanda, ndipo ufanye mazoezi. Na hivi ulivyomwekea dada yako haviwezi kumjengea mfupa. Ukimpenda, mlete mwenyewe."

Tangu hapo alikuwa ananisimamia mpaka nimeze, ananiambia fungua mdomo kama mtoto mdogo. Nilimeza, nikasubiri kidogo, binti wa mazoezi akaja. Sitakudanganya kwamba maumivu yaliisha. Yalikaa kitako, yakaniachia nafasi ya kufanya kazi. Nikainua kisigino. Baada ya siku chache nikasimama, na baadaye nikafika dirishani nami nikaangalia watu.

Nyumbani nako kuna yake. Nilirudi na vidonge vichache, vikiisha havipatikani kila siku, kwa hiyo navitumia kwa akili. Namaliza kazi ya kutembea asubuhi, mchana nalala na mto katikati ya mapaja kama nilivyofundishwa. Bi Zuhura, mwenye nyumba wangu, alikuja siku ya kwanza na karai la maji ya moto na majani ya mwarobaini. "Nikukande shosti, hao wazungu wanajua nini?" Nilimkatalia na akanuna, kwa sababu Sista alishaniambia pakivimba niweke baridi, nisikandwe. Mama Kanti wa ghorofa ya jirani, yule Mhindi ambaye mumewe anauza vitambaa, ana friji. Kila alasiri ananiletea barafu kwenye kitambaa, anakaa nami, tunazungumza Kiswahili chake na changu. Nampa ndizi zinazokuja na malori kutoka huko kwetu. Bi Zuhura alipoona uvimbe unashuka akasahau kununa, na sasa yeye ndiye mlinzi wangu. Juzi nilijisahau nikainama nikae kwenye mbuzi nikune nazi. Alipiga kelele mpaka wapita njia wakasimama. "Inuka hapo! Unataka hicho chuma kichomoke?" Nazi amekuna mwenyewe, na jiko la mkaa nimelipandisha juu ya meza.

Hilo ndilo nilitaka ulijue kabla hujakubali, dada. Ukishawekewa chuma hukai chini tena. Huchuchumai. Chooni seremala amenitengenezea kiti kilichotobolewa katikati, na mwanzoni niliona aibu kukibeba uani mbele ya wapangaji, sasa hata salamu nawapa nikiwa nacho mkononi. Kukata majani ya ng'ombe umeinama kutwa, hapana, watakata watoto wako, ni watu wazima. Na kigoda cha mama pale mafigani hutakikalia tena. Najua hilo litakuuma kuliko kisu, maana tangu azikwe hujamruhusu mtu mwingine kukikalia, hata mimi. Utakaa kwenye kiti kirefu, utaliangalia jiko kutoka juu. Lakini utafika hapo jikoni kwa miguu yako miwili.

Mimi sasa natumia fimbo moja. Nimerudi kwenye kizimba changu cha maharage sokoni, nakaa hadi saa sita, jirani yangu anamalizia. Mvua ikinyesha kidonda kinanikumbusha. Usiku siamki tena kwa yale maumivu ya kusaga, na nilikuwa nimesahau kwamba watu hulala hivyo. Barua hii sitamtuma mtu. Nitameza kidonge, nisubiri, halafu niende nayo Posta mwenyewe, nikipumzika njiani kwenye baraza za watu.

Sasa jambo la mwisho, na hapa ndipo nimekukosea. Yule daktari mgeni anamaliza mkataba wake, ataondoka kabla ya Krismasi. Niliporudi kuangaliwa kidonda nilimpa jina lako. Sikukuuliza. Nilimwambia dada yangu amekubali, na siku ameshanipa. Kitanda cha Neema kipo wazi tangu aende kwa mumewe Morogoro, nimekipandisha kwa matofali mawili mawili kila mguu ili usikae chini. Sista Tabu anajua unakuja. Ameapa atakufungua mdomo kila kidonge.

Nisalimie shemeji, umwambie ng'ombe hafi kwa kukukosa wewe miezi michache. Shangazi mwambie mtori wake niliuota hospitali kila walipoleta ugali. Wanao wote wabusu, na katekista mwambie tu kwamba Aikande hajambo, mvua imenyesha.

Ndani ya barua utakuta jani la isale, lile la kwetu la kuombea msamaha. Nililiomba kwa dereva wa lori la ndizi, akalikata kwenye mpaka wa shamba la watu huko Marangu, limekauka njiani lakini ni lenyewe. Nimekuombea kitanda bila ruhusa yako, nimesema uwongo kwa jina lako, naomba unisamehe. Wewe ndiye uliyenifundisha, pale mafigani, kwamba anayeletewa isale hakatai.

Ni mimi mdogo wako, nikikusubiri stendi na fimbo yangu,
Aikande