Mlango wa Mzee Brekke

Alder Falls, Iowa
28 Oktoba 1912

Mwanangu Signe,

Pokea salamu zangu, wewe na Dominic, na mjukuu wangu Martin ambaye namjua kwa picha tu. Hamjambo huko Spokane? Mimi sijambo, ila magoti yananikumbusha umri kila nikipanda ngazi. Baba yako naye mzima. Hakusalimu, wajua alivyo, jina lako hajalitaja tangu uondoke. Ila nilipotoa karatasi ya kukuandikia, alinichongea penseli bila kuombwa, akaiweka mezani, akatoka. Hesabu hiyo kuwa salamu.

Sasa sikia kioja cha baba yako.

Chuo kimebuni sikukuu mpya, wanaiita Siku ya Kurudi Nyumbani. Kila aliyewahi kusoma au kuishi hapa aje Jumamosi, kuwe na maandamano, na ule mpira wao wa kuvunjana mbavu. Mkuu wa chuo aliitangaza kanisani, akamaliza kwa kusema, "Na asiwepo hata mmoja atakayerudi akakuta mlango umefungwa." Watu wakaitika amina, wakaenda zao kula. Baba yako hakuitika.

Jumamosi asubuhi nashuka kuwasha jiko, nakuta upepo unatembea ndani ya nyumba kama mpangaji. Mlango wa mbele haupo! Mwenyewe yuko uani, ameung'oa kwenye bawaba, ameulaza juu ya vile vigogo anavyokatia mbao za chuo.

"Halvor, una wazimu?"

"Bawaba zinalia."

"Bawaba hutiwa mafuta mlango ukiwa umesimama!"

"Na wewe umekuwa seremala tangu lini?"

Ningefanya nini? Niliogopa watu watasema, nikautandika kitambaa, nikaweka kahawa, supu ya kuku na mikate ya viazi, ionekane tumekusudia. Ilipofika adhuhuri watu thelathini walishakula juu ya mlango wetu. Wanafunzi wakamtania, "Mzee Brekke, leo tumekula juu ya mlango, kesho utatulisha juu ya dirisha?" Aliwapa mgongo. Alisimama ukingoni mwa barabara akitazama upande wa stesheni, mpaka treni ya saa kumi ikaja ikapita. Ndipo akaurudisha mlango mahali pake.

Signe, sikulazimishi. Nakuandikia nilichokiona.

Mama yako


Spokane, Washington
14 Novemba 1912

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo nyingi. Magoti yako yasuguliwe mafuta moto, usiyapuuze. Sisi tu wazima. Martin ameota meno mawili na amemng'ata Dominic kwa yote mawili.

Nimesoma habari ya mlango nikacheka hadi Dominic akaja jikoni kuuliza. Kisha sikucheka tena.

Mama, wewe ulikuwepo siku ile. Baba alikuwa amekishika kitasa cha mlango huohuo. Akasema, "Ukitoka na huyo Mkatoliki wa reli, mlango huu hutaupita tena." Nikainama nikafunga kamba za viatu. Nilipomaliza nikazifungua nikazifunga tena. Hukuziona? Nilikuwa nampa nafasi aseme neno jingine. Hakusema.

Baba hafuti neno lake, wote twajua. Lakini mlango si neno. Kuung'oa na kuusimamisha tena jioni ni kazi ya seremala, anaifanya kila siku. Nataka aniandikie kwa mkono wake. Njoo. Herufi nne tu. Nikizipata hizo, napanda treni siku hiyohiyo.

Na usiniambie mimi ni mkaidi. Mtoto wa nyoka ni nyoka.

Mwanao,
Signe


Alder Falls
2 Novemba 1914

Mwanangu Signe,

Salamu kwenu nyote. Natumai kifua cha Martin kimepona. Changu ndicho kimeanza, wiki nzima nakohoa. Baba yako hajambo. Penseli imechongwa mpaka inachoma.

Juzi ilikuwa Siku ya Kurudi Nyumbani, na sasa ngoja nikuambie wivu wa majirani unavyoweza kujenga mji. Mwaka jana Bi Tufte wa ng'ambo ya barabara alimwambia mumewe, "Kwani mlango wa akina Brekke una nini ambacho wangu hauna?" Wakaung'oa. Mwaka huu milango kumi na mmoja ilikuwa nje, mtaa mzima unakula juu ya milango! Na chuo kimechapisha kijitabu kinachosema eti ni mila ya waanzilishi, kwamba majira yao ya baridi ya kwanza hawakuwa na meza, wakala juu ya milango.

Baba yako alikisoma chote. Akasema, "Waanzilishi hawakuwa na milango. Walikuwa na mablanketi."

Mpira ulipokwisha mvua ikaanza, na upepo ukaniingia mpaka mifupani. Nikamwambia rudisha mlango. Akasema, "Treni ya saa kumi bado." Treni yenyewe ikachelewa. Nikamwambia tena, akasema ngoja. Mara ya tatu nikamfokea: "Halvor, nife kwa kikohozi kwa ajili ya bawaba zako?" Akausimamisha. Mwaka huu ndio wa kwanza kuurudisha kabla ya treni, na jioni yote hakula.

Mwandikie japo mstari mmoja, mwanangu. Anazeeka.

Mama yako


Spokane
21 Novemba 1914

Mama,

Natumai kikohozi kimekuachia. Sisi tu wazima wa mwili.

Nimeisoma barua yako nikakaa chini sakafuni, jikoni, na sahani mkononi.

Nilikuwa ndani ya treni ile.

Sikukuambia kwa sababu nilijiwekea akiba: nikifukuzwa, asijue mtu zaidi yetu. Nilikuja na Martin peke yake. Nikasema, nitakuta mlango uko chini kama ulivyonieleza, nitapita, basi. Herufi nne nilishazisamehe nikiwa njiani, karibu na Billings.

Tulifika mvua inanyesha. Nikaukata mtaa wetu kutoka juu. Nyumba ya kwanza hakuna mlango, watu wamejaa wanacheka. Nyumba ya pili hakuna. Ya tatu hakuna. Nikamwambia Martin, tazama, hii tunayoifikia ndiyo yetu. Na mtaa mzima, Mama, mlango uliokuwa umefungwa ulikuwa mmoja.

Nilisimama kwenye uzio wa Tufte. Nikajiambia, basi, amenijibu. Martin akaniuliza, "Mama, ile nyumba ya nani?" Nikamwambia ni ya watu. Tukarudi na treni iliyofuata.

Kumbe ulikuwa unakohoa.

Sikulaumu, Mama. Nakuomba kitu kimoja tu: usimwambie Baba.

Mwanao,
Signe


Alder Falls
6 Desemba 1914

Mwanangu,

Nimepona. Laiti ningeugua mwezi mmoja kabla, au mmoja baadaye.

Uliniomba nisimwambie. Signe, hujui jambo moja. Miaka yote hii nazisoma barua zako kwa sauti, nikiwa jikoni, kama mtu anayejisomea. Yeye hukaa pembeni akisugua kipande cha ubao, hasemi kitu, na mimi sisemi kuwa namsomea. Ndivyo tulivyokuwa tukikupata. Hii nayo niliianza hivyo, sikuitazama mbele. Nilipofikia penye "usimwambie Baba", yote yalishatoka. Maji yakimwagika hayazoleki.

Baba yako aliuweka ubao chini. Kisha akauliza, "Alisimama wapi?"

"Kwenye uzio wa Tufte."

Akatoka bila kofia, theluji inaanguka. Akavuka barabara, akasimama palepale uliposimama, akaitazama nyumba yetu. Bi Tufte akamwita ndani anywe kahawa, hakumsikia. Aliporudi akachukua bisibisi, akaung'oa mlango, akaupeleka bandani. Pale mlangoni amepigilia misumari lile blanketi langu la harusi.

Nikamwambia, "Halvor, huu ni mwezi wa Desemba!"

"Najua mwezi."

"Mpaka lini?"

"Mpaka apite."

Nikamletea karatasi na penseli. Nikamwambia, anataka herufi nne tu, mwandikie, yaishe. Alikaa nazo mpaka kahawa ikapoa na nyingine ikapoa. Karatasi ilibaki nyeupe. Akanirudishia penseli, akasema, "Mikono hii inajua mbao." Na machozi yalikuwa yanamtoka, mwanangu, mimi niliyeolewa naye miaka thelathini na mbili sikuwahi kuyaona.

Sasa nimehamia jikoni, nimefunga mlango wa ndani, joto linatosha. Yeye analala sebuleni, karibu na blanketi. Hasikii la mtu.

Mama yako


Spokane
3 Januari 1915

Mama yangu, na Baba pia, kwa kuwa sasa najua unanisikia,

Shikamoo, Baba. Shikamoo, Mama.

Rudisheni mlango! Nawaomba, rudisheni leo hiihii, kabla barua hii haijafika mwisho. Baridi ya huko si ya kuchezea.

Ningekuja kesho. Lakini natazamia mtoto mwezi wa pili, na daktari ameapa nikipanda treni na tumbo hili atanifunga kamba kitandani. Aprili naja. Nakuja na Dominic na Martin na huyo mchanga, na Martin nimeshamwambia ile nyumba ni ya nani. Nitapita, mlango ukiwepo au usiwepo, umefungwa au umefunguliwa. Nitaingia hata kwa dirisha la jikoni kama nilivyokuwa nikifanya nikichelewa kurudi kutoka kwaya.

Baba, sitaki tena neno. Usiandike kitu. Nataka tu ujue kwamba siku ile nilifunga kamba za viatu mara mbili.

Mwanenu,
Signe


Alder Falls
9 Februari 1915

Mwanangu Signe,

Kabla hujasoma zaidi, kaa chini, na kama mtoto ameshazaliwa mpe Dominic amshike. Mimi nina afya. Najua wewe waniulizia mwingine.

Barua yako ilifika tarehe kumi na moja ya Januari. Nilimsomea mara tatu, safari hii nimeketi mbele yake, hatukufichana. Penye viatu alinisimamisha.

"Mara mbili?"

"Mara mbili. Alikuwa anakungoja."

"Mimi nilidhani kamba zimekatika," akasema. Kisha akacheka, Signe, akacheka na kulia pamoja. "Nilikuwa nasema moyoni, mtoto wangu anaondoka na kamba mbovu, na bandani nina mpya."

Nikamwambia sasa urudishe mlango, ameshasema atapita. Akasema Aprili si mbali. Nikamgombeza, nikambembeleza, nikamwita mkuu wa chuo. Akamwambia mkuu, "Wewe ndiye uliyesema asikute mlango umefungwa." Maskini mkuu alibaki ameshika kofia yake. Wiki iliyofuata homa ya mapafu ikamshika baba yako. Daktari akaja, Bwana Tufte akaja na nyundo wausimamishe mlango kwa nguvu, baba yako akawatukana kwa lugha ya kwao ya zamani. Tukamhamishia jikoni, tumechelewa.

Jumamosi ya tarehe thelathini, saa tatu asubuhi, baba yako alituacha. Nisamehe sikukupelekea telegramu. Niliogopa ikukute na tumbo hilo.

Ijumaa iliyotangulia alimwita Bwana Tufte, akamwambia amchongee jeneza kwa mlango. Tufte akasema, "Halvor, nina mbao nzuri kuliko huo." Akasema, "Huohuo." Tufte akanitazama, alidhani ni homa. Mimi sikudhani. Na ndivyo alivyozikwa, na tundu la kitasa limezibwa kwa nta.

Siku ya maziko, wanafunzi na watu wa mji walikuwa wengi kuliko meza za kanisa. Nikasikia vishindo nje. Tazama, Bi Tufte na mumewe wamebeba mlango wao katika theluji, mmoja mbele mmoja nyuma, wanauingiza ukumbini. Nyuma yao jirani zetu akina Solberg na mlango wao. Hakuna aliyewaambia. Nilihesabu milango ishirini na minne, Signe, na nyumba ishirini na nne zilikaa wazi mchana kutwa katika baridi ile, na watu wakala mikate ya viazi juu ya milango. Mkuu ameniambia mwaka huu mji wote utafanya hivyo, na kijitabu kitaeleza asili yake. Waandike watakalo.

Uniwie radhi kwa mwandiko. Penseli nimechonga mwenyewe.

Jana Bwana Tufte alikuja kupima atuwekee mlango mpya. Nimemwambia asubiri mpaka Aprili, blanketi linanitosha. Njoo na mavazi mazito ya watoto. Pita mbele, usizunguke jikoni.

Na nina salamu zako, za kwanza tangu uondoke mwaka 1909. Ijumaa ile jioni, Tufte alipoondoka, baba yako alinishika mkono. Akalitaja jina lako. Akasema, "Mwambie Signe apite tu. Mlango naondoka nao."

Mama yako